Ufa, Kukatika na Uchovu: Istilahi za Msumeno wa Mkanda

Onyo "Usitumie msumeno uliovunjika" ni Kiswahili sahihi, lakini katika maelekezo ya mtambo wa kupasulia magogo halina maana. Hakuna fundi awezaye kuutumia msumeno uliokwisha kuvunjika. Unaokusudiwa ni msumeno wenye ufa, ambao bado unazunguka na bado unakata. Mfasiri aliyeridhika na kitenzi kimoja amemnyima msomaji kinga aliyoihitaji.

Lugha yetu haina upungufu hapa. Chungu huvunjika, kamba hukatika, ukuta hupata ufa. Msumeno wa mkanda ni utepe wa chuma uliounganishwa ncha zake na kuzungushwa juu ya magurudumu mawili. Basi jino lake huvunjika, mkanda wenyewe hukatika, na ufa hutangulia.

Uzito wa jambo umo katika sababu. Tuchukue mkanda wa mita 8 uendao mita 40 kwa sekunde. Huzunguka mara 5 kila sekunde, na katika kila mzunguko hukunjwa mara mbili na kunyoshwa tena. Kwa saa moja umekunjwa mara 36,000. Ufa huanza mdogo, aghalabu katika bonde lililo baina ya meno, na kila mkunjo huuongeza, hata siku moja mkanda ukatike, pengine mbele ya gogo laini kabisa.

Hali hiyo ikiitwa "udhaifu wa chuma", lawama humwendea muuzaji, ilhali chuma huenda kilikuwa kizuri. Ikiitwa "uchakavu", hudhaniwa kuwa ni kulika kwa meno, jambo linaloondolewa kwa kunoa. Istilahi ifaayo ni "uchovu", kwa kuwa hali hii yatokana na kazi irudiwayo. Mtu aweza kucheka kwamba chuma hakichoki. Lakini ardhi nayo huchoka kwa kulimwa mfululizo, na hakuna mkulima anayelicheka neno hilo.

Tena istilahi hiyo humwelekeza fundi kwenye tiba. Meno butu hudai nguvu zaidi. Jiwe la kunolea likiunguza bonde hata likageuka samawati, chuma cha hapo huwa kigumu na rahisi kupasuka. Mkanda mnene juu ya gurudumu dogo hukunjwa kupita kiasi. Kwa kanuni ya mafundi, unene usizidi milimita 1 kwa kila mita 1 ya kipenyo cha gurudumu. Ufa ukionekana mgongoni badala ya bondeni, yaelekea gogo lilisukumwa kwa nguvu mno, mkanda ukagandamizwa kwenye kizuizi cha nyuma. Kwa hiyo "bonde" na "mgongo" nayo yahesabiwe kuwa istilahi, wala mfasiri asiyabadilishe apendavyo.

Twapendekeza maelekezo yaliyokwisha kuchapishwa yasahihishwe, kwa kuanzia na onyo lenyewe: "Usitumie msumeno wenye ufa."