Kupuliza Kioo cha Chupa: Kazi Iko Mikononi

Chupa za Kwa Sadala, huku chini ya Mlima Kilimanjaro, zina matabaka. Ya bia na ya soda ina mwenyewe: inarudi kwenye kreti, na ukiivunja baa unadaiwa. Ya mvinyo haina anayeiulizia. Ikiisha inatiwa asali au mafuta ya taa, na ikichoka inatupwa shimoni nyuma ya migomba. Hii isiyo na mwenyewe ndiyo inayotuhusu leo. Panda Kosta ya Arusha, pita Boma Ng'ombe, KIA na Usa River, vuka mji mpaka Arusha Coffee Lodge, na utaikuta karakana ya Shanga, ambako chupa zilizotumika huyeyushwa zikawa bilauri, bakuli na mapambo. Kwa mtu wa huku mlimani anayetaka kuiona kazi hii kwa macho yake, sioni pengine pa karibu zaidi.

Niseme mapema ninachoamini. Wengi hudhani kupuliza kioo ni kazi ya kifua. Anayeanza hashindwi na pumzi; anashindwa na mikono, na kioo cha chupa kinamzidishia taabu kwa sababu hakimpi muda.

Chanzo kiko kwenye mchanganyiko wenyewe. Kioo cha kawaida ni mchanga wa silika zaidi ya asilimia 70, soda kama 13 hivi, na chokaa kama 10. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 1,700. Soda ndiyo inayolishusha. Soda hiyo ni jamaa wa magadi tunayotia kwenye makande, na ile ya Ziwa Magadi kule Kenya imelisha viwanda vya kioo kwa miaka mingi. Sasa, kiwanda cha chupa kinataka kioo kigande upesi, maana mashine haisubiri. Karakana nyingi za Ulaya na Marekani hutumia kioo chenye soda zaidi, kinachobaki laini kwa muda. Anayejifunzia kwenye chupa hana anasa hiyo. Akizubaa kidogo tu, donge la kioo limeshakakamaa na inabidi lirudi motoni.

Kabla ya moto kuna kuchambua, na hapa wanafunzi wengi huona wanapotezewa muda. Hawapotezewi. Kipande cha kikombe cha udongo kikiingia tanuruni hakiyeyuki. Kinabaki kama jiwe ndani ya bilauri, na bilauri itapasukia hapo hapo. Kioo cha dirisha hakichanganywi na cha chupa, kwa kuwa kila kimoja kinasinyaa kwa kiasi chake kinapopoa. Si kwamba cha dirisha hakifai peke yake: kule Kitengela, kusini mwa Nairobi, karakana ya Anselm Croze imejulikana kwa kutumia mabaki ya vioo vya madirisha. Chupa ya kahawia nayo ina visa vyake: rangi yake imetokana na chuma na salfa katika kioo kilichoyeyushwa kwa uhaba wa oksijeni, na ukiichanganya na nyeupe au ya kijani, chungu kinaweza kutoa povu na kioo kikajaa vipovu. Kutenga rangi si urembo.

Twende kwenye bomba lenyewe la kupulizia. Ni la chuma, refu kumzidi mtoto wa darasa la tatu, na ncha yake hupashwa kwanza mpaka ianze wekundu, kwa sababu kioo hakishiki chuma baridi. Unalizamisha kwenye chungu, unazungusha mara mbili tatu, unanyanyua, na tangu hapo vifundo vya mikono havina ruhusa ya kusimama. Kioo cha nyuzi 1,100 hivi kinatiririka kama asali kwenye kijiti. Mtazame anayeanza: akiogopa anazungusha kwa pupa, akivutiwa na mwanga wa donge anasahau kuzungusha kabisa. Akisimama kulitazama tu, limeshaning'inia upande. Hapo akipuliza, kiputo kinakimbilia panapo joto zaidi, ukuta mmoja unakuwa kama karatasi na wa pili kama tofali. Pumzi hairekebishi kosa hilo. Inalianika.

Tena pumzi inayotakiwa mwanzoni ni haba mno. Unapuliza kidogo, kisha unaziba tundu la bomba kwa kidole gumba na kusubiri. Hewa uliyoifungia inapata joto la kioo, inatanuka, na kiputo cha kwanza kinatokea chenyewe. Mwenye kifua kikubwa asiyejua kusubiri atalipasua donge. Mtu mwembamba mwenye gumba tulivu atatoka na bilauri.

Baada ya hapo fundi anakaa kwenye benchi, anabingirisha bomba juu ya reli zake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anafinyanga kioo kwa gazeti lililoloweshwa, moshi na mvuke vikimpanda usoni. Msaidizi anapuliza kwa upande wa pili anapoashiriwa. Mwenye mdomo kwenye bomba hawezi kuuliza swali, na mngurumo wa moto unameza maneno, kwa hiyo mengi yanakwenda kwa jicho na kwa ishara. Shanga huajiri watu wenye ulemavu, viziwi wakiwemo, na kwa maoni yangu huo si wema pekee. Mtu aliyezoea kusoma mikono ana faida kwenye karakana kama hiyo.

Kazi ikikamilika haiwekwi mezani kupoa. Ngozi ya nje hukakamaa kabla ya ndani, na mvutano unaobaki unaweza kuipasua usiku, wakati hakuna aliyeigusa. Inaingizwa kwenye tanuru la kupozea lenye nyuzi 500 na ushei, kisha joto linashushwa polepole mpaka asubuhi.

Kuyeyusha kioo cha mtu mwingine si aibu. Mwaka 1962 huko Toledo, Marekani, Harvey Littleton alipojaribu kufundisha kazi hii nje ya kiwanda, mchanganyiko wake wa kwanza ulikataa kupulizika. Dominick Labino ndiye aliyemwambia ayeyushe gololi za kioo zilizotengenezwa kiwandani. Lakini sishauri mtu wa Kwa Sadala ajenge tanuru kwa sababu tu ana chupa. Kwa kawaida tanuru la kuyeyushia huachwa liwake mchana na usiku, kwani chungu kikipoa ovyo kinapasuka, na bili ya moto huo haijali kama umeuza.

Aende kwanza penye tanuru la watu, na asiombe bomba. Aombe fimbo ya chuma isiyo na tundu, achote kioo, azungushe, afanye gololi nzima ya kukandamizia karatasi. Ikitoka ya duara pande zote, ndipo apewe bomba.