Fani na Dhamira katika Maandishi ya Wachambuzi wa Soko

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia, ushairi na masimulizi ya wazee. Yako hata hivyo maandishi mengine yasomwayo na watu wengi kila siku, yakawafanya wanunue au wauze, wakope au waweke akiba, na ambayo ni nadra mhakiki kuyagusa. Hayo ni maelezo ya wachambuzi wa soko: habari za hisa, za thamani ya shilingi, za riba na za mfumko wa bei. Makala haya yanayatazama maandishi hayo kwa upande wa fani na wa dhamira, nayo yanashikilia jambo moja: kwamba mchambuzi wa soko humficha mtendaji ndani ya sarufi, na kwamba msomaji mwenye shaka aweza kumfichua kwa kuuliza swali la kisarufi.

Yafaa kuanza na vitenzi. Msamiati wa vitenzi katika maelezo haya ni mchache: bei hupanda na kushuka, hisa huporomoka, shilingi huyumba, hudhoofika na kuimarika. Vitenzi hivi vina tabia moja, nayo ni kwamba havimdai mtendaji. Kitu kilichopatwa na hali ndicho kinachosimama mahali pa kiima, na sentensi ikatimia. Lakini Kiswahili kimekipa kila kimoja mwenzake: kupanda na kupandisha, kushuka na kushusha, kuporomoka na kuporomosha, kuyumba na kuyumbisha, kudhoofika na kudhoofisha, kuimarika na kuimarisha. Kauli hii ya kutendesha haisimami bila mtu au chombo cha kuitenda. Mwandishi akisema kwamba bei ya unga imepanda, hakuna la kuuliza. Akisema kwamba imepandishwa, msomaji huuliza papo hapo: na nani? Lugha imempa mwandishi njia mbili, naye aghalabu hufuata ile isiyoulizwa swali.

Njia ya pili ya kumficha mtendaji ni kauli ya kutendwa. Maelezo ya soko yamejaa maneno kama “inatarajiwa”, “inaaminika” na “inakadiriwa”. Inatarajiwa na nani? Huenda anayetarajia ni mchambuzi mwenyewe. Huenda ni wakala anayepata ujira wake kila hisa inaponunuliwa au kuuzwa. Huenda ni benki yenye mikopo ya kutoa. Hawa hawatarajii kwa sababu moja, wala hasara ikija haiwaangukii sawasawa. Sentensi inayowaficha wote chini ya kiambishi cha kutendwa imemnyima msomaji habari aliyoihitaji kuliko zote, yaani habari ya anayesema na faida yake katika kusema.

Mtu aweza kutoa hoja ya kuupinga uhakiki huu. Aweza kusema kwamba bei ya soko haina mtendaji mmoja. Kwamba ni matokeo ya maelfu ya wanunuzi na wauzaji wasiojuana, na kwa hiyo kusema “imepanda” ni kusema kweli. Hoja hii ina uzito, na mahali pengine ni sahihi kabisa. Lakini mchambuzi mwenyewe haifuati. Baada ya kuliondoa tendo mikononi mwa watu, hugeuka akalipa soko moyo wa mtu kwa tashihisi: soko limeingiwa na hofu, soko limepata matumaini, soko halikufurahishwa na bajeti. Ikiwa watendaji ni wengi mno hata hawatajiki, imekuwaje hofu yao ijulikane kuwa moja, na sababu yake kuwa moja? Mchambuzi huwafuta watu panapotakiwa wajibu, kisha huwarudisha panapotakiwa hadithi.

Mfano wa shilingi ya Kenya utaonyesha kwamba jambo hili si la maneno matupu. Mnamo Januari 2024 dola moja ya Marekani ilipita shilingi 160. Serikali ilikuwa na deni la hatifungani ya dola bilioni 2, iliyouzwa mwaka 2014 kwa riba ya asilimia 6.875 na iliyopaswa kulipwa Juni 2024, na wengi walihofia kwamba malipo yangeshindikana. Mwezi wa Februari Serikali ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, ikatumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Mwezi huohuo Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na hatifungani ya ujenzi wa miundombinu ikauzwa nchini kwa faida ya zaidi ya asilimia 18, ikawavuta wawekezaji wa nje. Kabla ya Machi kwisha dola ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 135.

Jambo hili lote laweza kuelezwa kwa maneno mawili: shilingi imeimarika. Maneno hayo si ya uwongo, na aliyeagiza bidhaa kutoka ng'ambo alikuwa na haki ya kuyafurahia. Lakini yakigeuzwa kuwa kauli ya kutendesha, habari inakuwa nyingine. Serikali ilisaidia kuimarisha shilingi kwa kukopa kwa riba kubwa ili ilipe mkopo wa riba ndogo, na Benki Kuu ikasaidia kwa kuifanya mikopo ya nchini kuwa ghali zaidi. Sentensi hii ina watendaji, na kwa kuwa inao, inazaa maswali. Nani atalipa tofauti ya riba hizo mbili? Mfanyabiashara mdogo aliyekopa benki kwa riba iliyopanda alilipia sehemu gani ya nguvu hiyo ya shilingi? Pengine hatua hizo zilikuwa za lazima, na pengine kushindwa kulipa kungeleta madhara makubwa zaidi. Hayo ni mambo ya kujadiliwa, lakini mjadala hauwezi kuanza ikiwa shilingi imejiimarikia yenyewe.

Ama kuhusu wakati, mchambuzi wa soko ni msimulizi wa aina ya pekee. Hujua yote baada ya tukio, na asubuhi ya pili huwa amesahau alichosema jana. Uuzaji wa hisa za Safaricom mwaka 2008 unatoa kielelezo. Serikali iliuza hisa bilioni 10, yaani asilimia 25 ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Wananchi wengi walijitokeza kununua, na wako waliochukua mikopo ya benki kwa ajili hiyo. Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni zilipita shilingi 7. Mapema mwaka 2009 zilikuwa zimeanguka chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 zikapita shilingi 40. Kila moja ya bei hizo ina maelezo yanayoifaa. Bei ikipanda, ni imani ya wananchi. Ikianguka, ni msukosuko wa fedha duniani, au ni wingi wa wenye hisa ndogo waliokimbilia kuuza. Ikipanda tena, ni matunda ya subira, na methali ya mvumilivu hula mbivu huletwa kuwa ushahidi. Kila sababu yaweza kuwa na ukweli ndani yake. Kasoro ni kwamba imekuja baada ya tukio, na laiti bei ingekwenda upande mwingine, sababu nyingine ingepatikana kwa urahisi uleule. Aliyenunua kwa fedha zake akaweza kungoja alipata faida. Aliyekopa, benki ikamtaka alipe mwaka 2009, hakuwa na subira ya kutumia, na methali haikumhusu.

Shaka hii si ngeni. Mwaka 1933 Mmarekani Alfred Cowles alichapisha utafiti uliopima utabiri wa washauri wa soko la hisa, akaona kwamba kwa jumla haukupita ule ambao bahati tupu ingeleta. Alipima pia tahariri za William Peter Hamilton wa gazeti la Wall Street Journal, za tangu mwaka 1904 hadi 1929. Kwa hesabu yake, aliyemfuata Hamilton angepata takriban asilimia 12 kwa mwaka, hali aliyenunua hisa na kutulia nazo angepata asilimia 15.5. Ni haki kuongeza kwamba uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 ulimtetea Hamilton, ukionyesha kwamba ushauri wake ulipunguza hatari, na kwa kipimo hicho haukuwa mbaya. Lakini funzo kwa mhakiki liko mahali pengine. Hamilton aliweza kushutumiwa na kutetewa kwa sababu maneno yake yalihifadhiwa, yakiwa na tarehe na mwelekeo uliotambulika. Utabiri usemao kwamba hisa huenda zikapanda endapo hali itaruhusu hauwezi kushutumiwa wala kutetewa, kwa sababu haukusema kitu.

Kwa kumalizia, haidaiwi hapa kwamba wachambuzi wote ni walaghai, wala kwamba kauli ya kutendeka ifutwe katika habari za uchumi. Inadaiwa kwamba maandishi haya yasomwe kama yanavyosomwa maandishi mengine, kwa kuuliza yanamtumikia nani. Walimu wa lugha wana kazi hapo. Mwanafunzi afundishwaye minyambuliko ya vitenzi kwa sentensi za Juma na Asha aweza kuifunzwa kwa ukurasa wa biashara wa gazeti la siku hiyo: ageuze kila “imepanda” kuwa “imepandishwa”, kila “inatarajiwa” kuwa “fulani anatarajia”, kisha aandike jina la mtendaji kila linapopatikana. Pale lisipopatikana, aandike kwamba mwandishi hakulitaja. Zoezi hilo litamfundisha kauli za vitenzi, na siku atakapoombwa kutoa akiba yake atajua la kuuliza kabla ya kutia sahihi.