Mgombea Aliyetanguliza Swali

Novemba 2024, Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyekuwa akigombea umeya wa New York, alishika kipaza sauti katika mitaa ya Bronx na Queens, akawauliza wapita njia kwa nini walimchagua Donald Trump au hawakupiga kura kabisa. Wakataja ughali wa maisha na vita vya Gaza. Video ile fupi ilienea mno; mwaka 2025 akashinda.

Washairi wa majibizano wanaujua uzuri wake: swali hutangulia, na mjibuji huachiwa nafasi yake. Lakini katika majibizano kila mmoja hutunga beti zake. Humu mkasi ameushika mgombea peke yake. Majibu yaliyokatwa hatuyajui. Usikivu wake, basi, utapimwa kwa kodi za nyumba alizoahidi kuzizuia zisipande.