Chalani na Njia ya Rupia Hadi Hazina

Mtu wa pwani yetu akiishika kwa mara ya kwanza ile hati ambayo Wahindi huiita chalani, nayo ni karatasi ya kulipia kodi ya mapato benkini, atakuta mahali pa kuandika jumla ya fedha kwa maneno visanduku sita vilivyopangwa kuanzia krori, ambayo ni laki mia, kisha laki, kisha maelfu, mamia, makumi na mamoja. Na huenda akatabasamu, kwa kuwa laki ni neno alilolisikia kwa bibi yake, kama alivyolisikia neno pesa na neno rupia, tangu zama ambazo rupia ilikuwa ndiyo sarafu ya Unguja, hata ikaondolewa mwaka 1936 na mahali pake pakashikwa na shilingi. Walakini ujamaa huo wa maneno usimghafilishe. Hati hiyo ina visanduku vingine, vidogo na vikimya, ambavyo ndivyo vyenye kuamua kama fedha aliyoilipa itahesabiwa kuwa yake au itabaki hazinani haina mwenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba fomu ya kodi ni chombo cha kukokotoa. La, hesabu hufanywa pengine, katika taarifa ya mapato ya mwaka, na chalani hupokea jibu tu. Kazi yake ni kama ya bahasha: kueleza fedha hii ni ya nani, ni ya namna gani, na ni ya mwaka upi. Benki haichunguzi kama kiasi ni sahihi, na hazina haiikatai rupia iliyoandikiwa anwani mbovu. Ndiyo maana kosa la chalani ni la hatari kuliko kosa la hesabu, kwani hesabu ikikosewa afisa mkadiriaji ataliona na kukuandikia, lakini anwani ikikosewa fedha imepokewa, benki imeridhika, nawe umelala usingizi, hali kitabu cha serikali kinaonyesha kwamba hukulipa.

Kodi yenyewe ni kongwe. Aliyeianzisha India ni James Wilson, mwaka 1860, baada ya gharama za kuzima maasi ya 1857 kuielemea hazina. Na baada ya majaribio na mabadiliko mengi ikaja Sheria ya 1922, kisha Sheria ya 1961 iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Aprili 1962 na kuitawala nchi kwa zaidi ya miongo sita. Lakini hadithi ya chalani tunayoichambua hapa ni ya karibu zaidi. Kabla ya mwaka 2004 hati hii ilijazwa kwa nakala kadhaa, kila nakala ikashika njia yake, na mlipa kodi akaihifadhi ya kwake kama mtu ahifadhivyo hati ya shamba, maadamu ndiyo ushahidi atakaouambatisha na taarifa yake ya mwaka. Nakala ya benki ikichelewa njiani, au ya afisa ikipotelea katika majalada, mzigo wa kuthibitisha ulimwangukia mlipaji.

Mwaka 2004 Idara ya Kodi ya Mapato ikaleta utaratibu mpya wa hesabu za kodi uliounganisha mabenki na idara kwa kompyuta, unaojulikana kwa kifupi chake cha OLTAS, na chalani ikawa nakala moja tu yenye kipande cha kuchana. Hapa ndipo penye ustadi, na mimi binafsi huuhesabu kuwa miongoni mwa mambo ya ofisi yaliyofikiriwa vizuri: ushahidi ulitolewa katika karatasi ukatiwa katika nambari. Kila malipo yalipewa utambulisho wenye viungo vitatu. Cha kwanza ni tarakimu saba za tawi la benki lililopokea fedha; cha pili ni tarehe ya kupokewa; cha tatu ni tarakimu tano za mfuatano wa chalani katika tawi hilo siku hiyo. Ni kama sisi tunavyomtambua mtu kwa jina lake, la babaye na la babuye: wapo Ali wengi, na wapo Ali bin Salim wengi, lakini ukiongeza babu shaka huondoka. Nambari ya mfuatano peke yake haimtambulishi mtu, kwa sababu chalani ya kumi hutokea katika kila tawi kila siku. Vikikutana viungo vyote vitatu hapana malipo mawili nchini kote yanayofanana. Mlipaji akanakili utambulisho huo katika taarifa yake, na mashine ikautafuta katika orodha iliyoletwa na benki.

Chalani zenyewe zilikuwa nne, zikipewa nambari 280, 281, 282 na 283. Mbili za mwisho zilihusu kodi za pembeni, kama ile ya utajiri, ambazo nyingine zimekwisha kufutwa, nasi hatutakawia nazo. Ya 281 ni ya mwenye kukata kodi katika fedha ya mwingine, mathalan mwajiri anayezuia sehemu ya mshahara. Huyo hupeleka alichokizuia kabla ya siku ya saba ya mwezi unaofuata kupita, isipokuwa cha mwezi wa Machi ambacho kwa kawaida hungojewa hata mwisho wa Aprili. Ya 280 ndiyo ya mtu anayelipa kodi yake mwenyewe, na ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa utulivu.

Juu yake pana uchaguzi wa kwanza: 0020 kwa makampuni, 0021 kwa wasiokuwa makampuni. Mwenye duka lake binafsi, hata likiwa kubwa na lenye jina la fahari mlangoni, ni 0021. Kisha hufuata nambari ya kudumu ya mlipaji, iitwayo PAN, yenye alama kumi: herufi tano, tarakimu nne, na herufi moja ya kufungia. Alama hizo hazikutupwa ovyo, kwani herufi ya nne husema mwenyewe ni nani, P akiwa mtu binafsi, C kampuni, H familia ya Kihindu isiyogawana mali, T amana. Na ya tano, kwa mtu binafsi, ni herufi ya kwanza ya jina lake la ukoo. Kwa hiyo mtu aliyechagua 0020 huku herufi yake ya nne ni P amejipinga mwenyewe katika karatasi moja.

Baada ya hapo huja aina ya malipo. Alama ya 100 ni ya kodi ya awali, inayolipwa mwaka wa mapato ungali unaendelea. 300 ni ya mtu aliyejikadiria mwenyewe mwaka ulipokwisha na kuona bado anadaiwa. 400 ni ya deni ambalo idara imekwisha kulikadiria na kumpelekea mdaiwa hati ya kulidai. Tuseme pana mwalimu mwenye nyumba ya kupangisha, ambaye anaona kwamba, baada ya kutoa kile ambacho mwajiri amekwisha kumzuilia, atadaiwa rupia 60,000 kwa mwaka. Kwa kuwa kiasi hicho hakipungui 10,000, sheria yamtaka alipe kwa awamu: asilimia 15 ifikapo tarehe 15 Juni, 45 ifikapo 15 Septemba, 75 ifikapo 15 Desemba, na yote ifikapo 15 Machi. Asilimia hizo ni za jumla iliyokusanyika, si za kila awamu, na hapo wengi huteleza. Mwalimu wetu atalipa 9,000, kisha 18,000, kisha 18,000 nyingine, na kumalizia 15,000. Akiiacha ile ya Juni ipite mikono mitupu, atatozwa riba ya asilimia moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, yaani rupia 270, hata kama Septemba atalipa kila kitu. Mzee aliyetimiza miaka 60, akaaye India na asiye na mapato ya biashara, amesamehewa awamu hizi.

Sasa tazama jambo hili: akilipa tarehe 31 Machi, ingawa amechelewa kwa tarehe ya awamu, malipo yake bado huhesabiwa kodi ya awali, na ataandika 100; lakini akilala akalipa kesho yake, tarehe 1 Aprili, fedha ile ile, kwa mapato yale yale, itakuwa 300. Usiku mmoja umegeuza jina la fedha.

Lakini kisanduku kilichowakosesha watu kuliko vyote ni cha mwaka. Mwaka wa fedha wa India huanza 1 Aprili na kuisha 31 Machi. Chini ya Sheria ya 1961 mapato yaliyochumwa katika mwaka mmoja yalikadiriwa katika mwaka uliofuata, na chalani haikuuliza mwaka wa kuchuma bali mwaka wa kukadiria. Kwa hiyo mwalimu aliyelipa kodi ya awali mwezi Juni 2024, kwa mshahara na pango la mwaka huo huo, alipaswa kuandika 2025-26, mwaka ambao haujafika. Hali akili yake, na kalenda iliyotundikwa ukutani, na tarehe aliyoiandika chini ya hati, vyote vilimvuta aandike 2024-25. Akiufuata mvuto huo, rupia zake 9,000 zilikwenda kukaa katika mwaka uliokwisha kufungwa. Laiti kisanduku kingeuliza tu, “Ulichuma lini?”, nadhani barua nyingi zisingeandikwa.

Mwenye kukosea hakuachwa bila ya msaada, ila msaada ulikuwa na muda. Kwa chalani ya karatasi, benki iliruhusiwa kusahihisha nambari ya mlipaji, mwaka na kiasi ndani ya siku 7 tangu kulipa, na aina ya kodi na ya malipo ndani ya miezi 3. Muda ukipita, ombi lilikwenda kwa afisa mkadiriaji. Basi mwenye busara hakungoja taarifa ya mwaka: siku chache baada ya kulipa alifungua orodha ya mlipaji iliyoitwa Fomu 26AS, akatafuta mstari wenye tarakimu zile saba, tarehe, na zile tano.

Kwa wasomaji wetu pana jambo moja linalogusa nyumbani, nalo ni la zile familia za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam ambazo asili yao ni Kutch au Kathiawar na ambazo bado zina nyumba ya urithi huko. Tangu Juni 2013 mnunuzi wa nyumba ya rupia laki 50 au zaidi hukata asilimia moja ya bei na kuipeleka hazinani kwa hati nyepesi, iliyoitwa 26QB chini ya Sheria ya 1961, ambayo hutaka nambari za kudumu za pande mbili na basi. Wanunuzi wameizoea, na huitumia bila ya kuuliza. Lakini hati hiyo ni ya muuzaji aishiye India. Muuzaji akiwa ni mkazi wa Mombasa, kifungu kinachotawala ni kingine, kiwango cha kukatwa ni kikubwa zaidi, na chini ya utaratibu wa Sheria ya 1961 mnunuzi alipaswa kwanza kuwa na nambari ya mkataji kodi, kisha atumie chalani 281. Mnunuzi akikata asilimia moja kwa mazoea, idara itamdai yeye kilichopungua, naye atarudi kwa muuzaji. Kwa hiyo ni vema muuzaji aueleze ukaaji wake mapema, kabla ya bei kukatwa na mkono kupewa.

Karatasi yenyewe imekuwa ikififia. Tangu 1 Aprili 2008 makampuni, pamoja na wale ambao sheria yawataka hesabu zao zikaguliwe, walilazimishwa kulipa kwa njia ya kompyuta. Na katika tovuti mpya ya idara, iliyofunguliwa 2021, mlipaji huitengeneza chalani kwanza, akapewa nambari ya rejea inayodumu siku 15, ndipo alipe. Hapo pamezaliwa kosa jipya, kwani wapo wanaoipata nambari hiyo wakaichapisha na kuifungia kabatini wakidhani wamekwisha kulipa, na kumbe nambari ya rejea ni ahadi tu. Ushahidi ni ule utambulisho unaotoka baada ya fedha kupita.

Na kile kisanduku cha mwaka? Sheria mpya ya 2025, iliyowekewa kuanza kazi 1 Aprili 2026, imeyafuta majina yote mawili, mwaka wa kuchuma na mwaka wa kukadiria, na kuweka mahali pake “mwaka wa kodi”, ambao ndio ule ule wa kuchuma. Mabadiliko hayo ni mema, lakini katika kipindi cha kuvuka mlipaji na afanye hadhari: anayemalizia deni la mapato ya mwaka ulioisha 31 Machi 2026 bado yumo katika sheria ya zamani, na mwaka wake wa kukadiria ni 2026-27, na jirani yake anayelipa kodi ya awali ya mapato yaliyoanza kuchumwa siku iliyofuata, naye mwaka wake wa kodi ni 2026-27. Tarakimu ni zile zile, na miaka ni miwili.