Raba ya Mshambulizi katika Hewa ya Shimanzi

Katika tenisi ya meza, raba ya mshambulizi hupimwa kwa shuti moja kuliko yote: la kukiinua kipira kilichokatwa. Mpinzani amekata chini, kipira kinakuja polepole kikizunguka kinyumenyume, na kikigusa raba tu kinataka kuteremka wavuni. Ndani ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, raba inabidi ikirudishe kipira kilikotoka na iuongezee nguvu mzunguko huo, ambao sasa ni wa kwenda mbele, uwe mkali wa kutosha kukivuta kipira chini mezani baada ya kuvuka wavu wa sentimita 15.25. Kipira kilichodunda juu na kutulia hupigika kwa raba yoyote. Kwenye kipira kilichokatwa ndipo raba ya kushambulia inapojulikana.

Katika mtaa wa Shimanzi, Mombasa, kazi hiyo huwa ngumu zaidi. Kisiwa cha Mombasa kina unyevu hewani mwaka mzima, na masika unazidi. Weka meza chini ya paa la mabati, katikati ya maghala na matangi ya mafuta, saa tisa alasiri: jasho linashuka hadi mpinini, na juu ya raba unatanda unyevu usioonekana kwa macho. Utando huo mwembamba unapunguza msuguano. Anayependa kukipangusa kipira juujuu ndiye anayeumia kwanza, maana shuti lake linategemea ngozi ya raba peke yake. Kipira kinateleza, kinaingia wavuni, naye anaanza kurekebisha kiwiko kisichokuwa na kosa.

Tiba iko chini ya ngozi, kwenye sponji. Mchezaji akikigonga kipira kwa ndani zaidi, kabla ya mkono kupanda, ngozi inabonyea, sponji inajikunja, na kipira kinazama kidogo. Shinikizo likiongezeka, nguvu ya kukishika nayo inaongezeka, hata uso ukiwa na unyevu. Ndiyo sababu naamini kwamba katika hewa yetu sponji ni jambo la kuangalia kabla ya kunata kwa ngozi. Raba za Kichina zinazonata, Hurricane 3 ya kampuni ya DHS ikiwa maarufu kuliko zote, ni silaha kali mikononi mwa mwenye bega lenye nguvu na miguu inayofika mapema. Lakini sponji ngumu ya raba hizo haifunguki kwa shuti la nusu nguvu, na ule mnato huokota vumbi haraka. Mchezaji wa jioni, aliyetoka kazini bandarini, atafaidika zaidi na sponji ya ugumu wa kati inayobonyea bila kulazimishwa. Asikubali tu kununua kwa kusoma namba: vipimo vya ugumu vya Wachina, Wajapani na Wajerumani havilingani.

Sponji yenyewe iliingia kwenye mchezo huu kwa kishindo mwaka 1952, ng'ambo ya bahari hii hii, mjini Bombay. Hiroji Satoh wa Japani alitwaa ubingwa wa dunia kwa raketi yenye sponji nene, isiyotoa mlio ambao wapinzani wake walizoea kuusikiliza. Mwaka 1959 sheria ikaweka mipaka, na hadi leo ngozi, sponji na gundi kwa pamoja hazipaswi kuzidi milimita 4. Baadaye washambulizi waligundua kwamba gundi yenye viyeyusho huivimbisha sponji na kuipa mruko. Ilipigwa marufuku mwaka 2008, na mwaka huo huo kampuni ya Butterfly ikaleta raba ya Tenergy 05, ambayo sponji yake ilitengenezwa kiwandani iwe na mruko huo. Kisha mwaka 2014 vikaja vipira vya plastiki, ambavyo hupokea mzunguko kidogo kuliko vile vya seluloidi. Kwa hiyo mzigo wa raba umeongezeka.

Nasisitiza hapa kwa sababu ya mtaa wenyewe: petroli na mafuta ya taa yasikaribie raketi. Huivimbisha raba, kisha huidhoofisha, na sheria hairuhusu raba kutiwa kemikali yoyote. Maji safi na kitambaa laini vinatosha. Gundi ya siku hizi ni ya maji, nayo hukawia kukauka katika unyevu wa pwani; isubiri mpaka weupe wote uishe ndipo ubandike, la sivyo raba itainuka pembeni. Mechini, sheria inakupa nafasi fupi ya kujifuta kila baada ya pointi 6. Itumie yote: mkono, mpini, kisha uso wa raba.

Kwa fohandi ya mshambulizi wa kisiwani ningechagua sponji ya kama milimita 2.1, kwa bakhandi ipungue kidogo, ili kuzuia kusiwe kwa bahati. Nje ya uwanja raketi ikae kwenye mfuko wake, isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Sehemu ya katikati ikianza kung'aa, na kipira kilichokatwa kikiteleza hata baada ya raba kuoshwa na kukauka sawasawa, raba hiyo imekwisha kwa kushambulia. Mwenye kucheza kwa kuzuia bado anaweza kupewa.