Msiba Usio na Mazishi

Stefanie Zweig alitoa riwaya yake Nirgendwo in Afrika mwaka 1995, akisimulia jamaa ya Kiyahudi iliyoikimbia Ujerumani ya Hitler ikapata hifadhi Kenya. Msomaji wa Kigoma, aliyeiona Liemba mwaka 2015 ikileta wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, hahitaji kufafanuliwa msiba wake: mazishi hayapo, ipo barua isiyofuatwa na nyingine. Mtoto Regina hujikinga kwa vitabu na kwa lugha, Kiswahili kikiwamo. Hapo Zweig ni hodari kweli. Walakini Owuor, mpishi, amepewa hekima nyingi na huzuni chache za kwake. Huiliwaza nyumba ya wageni. Yake mwenyewe, huko kwa Wajaluo, twaiona kwa mbali tu.