Paul McGrath: Beki Aliyedumu Bila Mazoezi

Manchester United walipomuuza Paul McGrath kwa Aston Villa mwaka 1989, kwa paundi 400,000, walidhani wanauza beki aliyekwisha. Alikuwa anakaribia miaka 30, magoti yameshapasuliwa mara kadhaa, na pombe ilikuwa imemchosha kocha wake, Alex Ferguson. Mwaka 1993 wachezaji wenzake walimchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka, huku Villa ikimaliza ya pili katika msimu wa kwanza wa Ligi Kuu ya Uingereza. Wengi husema ni kipaji na moyo, wakaishia hapo. Lakini moyo haumsaidii mtu ambaye katikati ya wiki anaendesha baiskeli ya mazoezi ndani wakati wenzake wanakimbia uwanjani. Kilichomweka mchezoni, kwa maoni yangu, ni kwamba alikaba mapema: kazi ambayo beki mwingine angeimaliza kwa mbio, yeye aliimaliza kwa mahali aliposimama.

Itazame mechi ya Kombe la Dunia kati ya Ireland, timu yake ya taifa, na Italia, Juni 18, 1994, kwenye Giants Stadium. Ray Houghton aliifungia Ireland dakika ya 11, na muda mwingi uliobaki ukawa wa kulinda bao hilo moja, kwenye joto kali, dhidi ya timu yenye Roberto Baggio. McGrath, akiwa na miaka 34 na bega bovu, hamkimbizi Baggio anaposhuka kufuata mpira. Anabaki kwenye mstari kati ya mpira na goli, mwili umegeuka upande, mguu wa mbele ukifunga njia ya ndani. Mshambuliaji anabakiwa na njia ya nje, na huko McGrath anahitaji hatua mbili tu. Anateleza pale tu inapobidi, kwa sababu beki mwenye magoti yale akishalala chini, kuinuka ni shughuli. Watu wanakumbuka alivyouzuia mpira kwa uso; mimi navutiwa zaidi na kwamba alikuwa tayari amesimama pale ulipopigwa.

Kuna watakaosema mbio zake zilifanywa na wengine. Ni kweli kwa kiasi: siku ile alikuwa na Phil Babb, kijana wa miaka 23, na kocha Jack Charlton aliwataka viungo wake wakabe tangu mbele. Ila msaidizi mwenye kasi hufukuza mpira uliokwisha kupita, na McGrath alikuwa akiukata kabla. Hoja nzito zaidi ni ya enzi, kwamba soka la zamani liliwabeba mabeki wazito. Hiyo inakwama kwenye tarehe. Mwaka 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na mabeki waliozoea njia hiyo ya kujiokoa wakahangaika. Msimu uleule ndio uliompa McGrath tuzo. Aliwahi kucheza kiungo, hata timu ya taifa ilimtumia hapo, kwa hiyo mpira ukiwa mguuni hakuwa na haraka ya kuuondoa. Na Oktoba 1996, akiwa na miaka 36, Derby County walimchukua kucheza Ligi Kuu. Kocha Jim Smith alikuwa akipanga mabeki watatu nyuma, mfumo unaompa beki wa kati eneo dogo la kulinda na muda mrefu zaidi wa kuona.